Mwanga Kati ya Vidole

Tik.

Hiyo ndiyo sauti ninayoikumbuka kuliko zote. Katika ugonjwa wangu nilisikia sauti kubwa kubwa: magurudumu ya kitanda yakilia kwenye korido, mama akiomba mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakaitikia amina, mbuzi wetu akipiga kelele kwa sababu siku hiyo hakuna aliyemkumbuka. Hizo zote zimeanza kufifia. Lakini ile tik ya kompyuta, ndogo kama shina la chai likikatika, naisikia hata sasa nikitulia. Ilikuwa inasema kwamba vidole vyangu viwili vimekutana. Na mimi nilikuwa siiamini hata kidogo.

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye benchi la hospitali na mikono isiyoshika kitu. Mimi si daktari. Niliishia kidato cha pili, na hata hicho cha pili nilikimaliza nikichungulia dirishani. Nitakueleza tu ilivyokuwa. Nyumbani tunaongea Kigusii, lakini nimeandika kwa Kiswahili ili hata mtu wa mbali asome.

Naitwa Kerubo. Kwetu ni upande wa Nyaramba, kule Nyamira, ambako majani chai yanakuja mpaka karibu na mlango. Kuchuna chai ni kazi ya vidole viwili, gumba na kile cha kuonyeshea. Unabana majani mawili na chipukizi lake, unakata, na kiganja kikijaa unarusha nyuma ya bega, kikapu kiko mgongoni. Mikono inafanya kazi na kichwa kinaenda kutembea. Mimi kila mstari wa shamba letu nimeupa jina la mji nitakaofika siku moja. Upo Mombasa, upo Kigali, upo Dubai kule chini karibu na mto ambako kuna siafu na hakuna anayependa kwenda.

Mvua ndefu ilikuwa inaelekea kwisha. Nilikuwa katikati ya mstari wa Kigali asubuhi moja nilipoona majani mkononi mwangu na nikashangaa yameingiaje. Vidole vilikuwa havisikii. Miguu nayo ilikuwa inachonyota tangu jana yake, kama ya mtu aliyeikalia. Nikacheka, nikadhani ni baridi. Kesho yake nilianguka nikitoka chooni. Siku ya tatu baba mdogo alinibeba mgongoni mpaka barabarani kama gunia la viazi, na njia nzima nilikuwa namwambia, "Baba mdogo, pole pole, yai litavunjika," kwa sababu nilitaka mama acheke. Mama hakucheka.

Huyo baba mdogo ni ndugu wa marehemu baba yangu. Anauza ndizi Keumbu na ndiye mwenye sauti katika ukoo wetu sasa.

Hospitali ya mjini Kisii ina benchi refu nje ya mlango wa daktari. Ukienda utalijua. Aliyekaa kule mwisho akiingia ndani, benchi zima linasogea, kila mtu anasukuma makalio hatua moja. Ilipofika zamu yetu ya kusogea, mimi sikuweza. Miguu ilikuwa imelala kabisa. Mama akaanza kunivuta, na mzee mmoja mwenye bandeji kichwani akasema, "Mama, mwache msichana. Sisi tutamzunguka." Basi kila benchi liliposogea, watu walisimama, wakanipita mbele, wakakaa upande wa pili, na zamu yangu ikahifadhiwa. Hawakunijua. Weka hilo kichwani, kwa sababu mambo mengi ninayosimulia hapa ni ya kushuku watu, na sitaki usahau lile benchi.

Daktari alinigonga magoti na kinyundo, magoti yakanyamaza. Kisha akauliza swali moja ambalo hakujua amewasha moto. "Wiki mbili tatu zilizopita, tumbo lilikusumbua? Ulihara?"

Nilihara, ndiyo. Siku tatu.

Daktari aliandika tu. Alieleza jambo fulani la mwili kupigana na mishipa yake wenyewe baada ya tumbo kuugua, mimi nikashika nusu. Mama hakushika hata hiyo nusu. Mama alikuwa amebaki kwenye lile swali. Daktari alipotoka, mama aliinamisha uso karibu na wangu.

"Kerubo. Kabla ya kuhara, ulikula wapi?"

"Kwetu, mama."

"Kwetu tu?"

Nikafikiri. "Na kwa Magokoro. Alinipa mboga ya saga yenye maziwa."

Magokoro kwetu ni nyanya, yaani bibi. Lakini huyu hakumzaa baba yangu. Ni mke wa pili wa babu, nyumba yake iko ng'ambo ya migomba yetu, na kati ya nyumba yake na yetu kuna maneno ya zamani ambayo hata sijui yalianza kwa nini. Mimi nilikuwa nampenda. Anapika saga siku mbili, anaibadilisha maji, anaitia maziwa, mpaka uchungu wake unageuka kuwa kitu kingine. Mama aliposikia jina hilo aliinuka. Alitoka nje na simu.

Nilisema jina tu. Niliulizwa nilikula wapi, nikajibu. Lakini kuanzia siku hiyo jina hilo lilitembea peke yake.

Walinitundikia chupa za dawa siku tano. Naigawa miezi ile kwa vitu kama hivyo: kabla ya chupa, baada ya chupa. Ugonjwa ulipanda mpaka kifuani, alasiri moja nikawa nahesabu pumzi kama mtu anayehesabu ngazi gizani, kisha ukasimama. Ulisimama tu, kama mgeni aliyebadili nia mlangoni. Halafu ukaanza kushuka, polepole sana. Uso ulirudi kwanza. Nikaweza kucheka na midomo yote miwili. Mabega yakarudi. Nilipojitazama nilikuwa mwembamba mapajani kama ndama wa mwezi mmoja, na mikono yangu ilikuwa imelala juu ya blanketi, viganja juu, kana kwamba naomba.

Siku ya tatu ya chupa, muuguzi alimwambia mama kuna bibi amekaa nje tangu asubuhi na hataki kuingia. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona. Alikuwa Magokoro, na leso ya kanisani kichwani, na kile kikapu kidogo cha wimbi tunachokiita ekee kikiwa juu ya mapaja, kimefunikwa. Mama alienda akasimama mbele yake. Sikusikia waliyosema. Nilimwona Magokoro akiinua kile kikapu kidogo, na mama akirudisha mikono yake nyuma. Bibi alikaa hapo mpaka saa za kutembelea wagonjwa zikaisha, kisha akajifuta magoti akaondoka.

Na mimi? Nitasema ukweli, maana nimeahidi. Nikiwa nimelala pale nilianza kukumbuka vitu. Kwamba siku ile alinitazama nikila. Kwamba yeye mwenyewe hakula. Kwamba alisema, "Maliza yote." Bibi yeyote anamwambia mtoto amalize yote! Lakini ukiwa kitandani huna kazi nyingine, unapekua kila neno kama mtu anayechambua mchele, na ukitafuta mawe utayapata.

Julai ya baridi ilinikuta Keumbu, nyumbani kwa baba mdogo, kwa sababu ni karibu na mji na nilitakiwa kwenda mazoezi mara tatu kwa wiki. Nilikuwa natembea kwa kushikilia ukuta. Lakini vidole, hapana. Mama alikuwa ananifunga vifungo, ananilisha, ananifuta. Alienda soko la Daraja Mbili, kwenye mitumba, akaniletea magauni mawili yasiyo na vifungo, ya kuvutia tu kichwani, moja lina picha ya nanasi kubwa kifuani. Aliyakunja akayaweka miguuni pa kitanda. Nilipoyaona nililia kwa furaha na kwa huzuni pamoja, kwa sababu ilimaanisha hata yeye hategemei vifungo tena.

Na baba mdogo alikuwa ameshapata mtu. Kwetu kuna watu ambao kazi yao ni kufukua uchawi. Mtu huyo anakuja bomani, anazunguka, ananusa, halafu anachimba mahali fulani na kutoa chupa au nywele au kitambaa chenye mafundo, na kusema nani amekiweka. Baada ya hapo, aliyetajwa hana maisha. Nimewahi kuona boma la mtu aliyetajwa. Lilibaki na migomba tu.

"Tunampa Kerubo mpaka mavuno ya mahindi yaishe," baba mdogo alisema tukinywa chai, mama akinishikia kikombe. "Vidole vikirudi, sawa, ilikuwa ugonjwa wa hospitali. Visiporudi, yule mtu anakuja. Hatuwezi kukaa tukitazama mtoto akimalizwa."

"Na kama ni ugonjwa wa hospitali unaochelewa?" niliuliza.

"Wewe kunywa chai."

Basi vidole vyangu vikawa mashahidi. Vikinyamaza, Magokoro amekwisha.

Chumba cha mazoezi kilikuwa nyuma ya hospitali, chenye harufu ya mafuta ya kuchulia na mipira ya rangi sakafuni. Mtu wa mazoezi ya mikono aliitwa Bwana Swaleh, mzaliwa wa Kisii mjini, wazazi wake wana duka la vitambaa, na Kiswahili chake kilinyooka mpaka nikawa naona haya kufungua kinywa. Alikuwa mpole, na upole ule ulimtia mama wasiwasi.

"Mtu anayetabasamu hivyo anauza kitu," mama alininong'oneza.

Siku ya kwanza alinipa vibanio vya nguo na udongo wa kufinyanga. Nikashindwa na vyote. Siku ya pili aliweka kompyuta ya kukunja mezani, na juu yake jicho dogo la kamera.

"Hii haihitaji ushike chochote, dada Kerubo. Inua mkono hewani tu."

Nikauinua. Kwenye kioo ukatokea mkono mwingine, wa vijiti na vidoti, kama mifupa ya samaki. Nikasogeza wangu, ule ukasogea. Mama alikamata mkoba wake.

"Inampiga picha?"

"Inautazama mkono tu, mama. Haihifadhi kitu."

"Kila kitu kinachotazama kinahifadhi," mama alisema.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tufaha linatokea kwenye kioo. Unapeleka mkono wa vijiti mpaka juu yake, unakutanisha gumba na kidole cha kuonyeshea, unasikia tik, na tufaha limeshikwa. Hapo unalibeba mpaka kwenye kikapu kilichochorwa pembeni, unaachanisha vidole, linadondoka ndani. Hakuna kugusa kitu. Vidole viwili hewani vinaiambia kompyuta: hiki, chukua, weka hapa.

Nilijaribu. Vidole vyangu vilisogeleana kama watu wawili waliogombana. Tik. Tufaha likashikwa! Na mimi, bila kufikiri, nikarusha mkono wote nyuma ya bega.

Tufaha lilipotea. Mkono wa vijiti ukapotea. Bwana Swaleh akatazama nyuma yangu kama atalikuta sakafuni.

"Dada, kikapu kiko hapa mbele."

"Pole. Nimezoea kiko mgongoni."

Alicheka mpaka akavua miwani, na mama naye, mama ambaye hakuwa amecheka tangu mvua ndefu, alitoa sauti puani. Wiki nzima nilikuwa nikishika nalirusha mgongoni. Mwishowe Bwana Swaleh aliyaondoa yale matufaha akaweka picha ya majani mawili na chipukizi aliyoipiga mwenyewe kwenye simu. "Basi chuna, mama wa chai," akasema. Hata hivyo kikapu alikiacha mbele.

Wiki ya kwanza niliokota kumi na mbili. Kufikia mwisho wa Agosti, ishirini. Kila jioni ya mazoezi baba mdogo aliuliza, nami namwambia namba, naye anaguna.

Lakini kulikuwa na jambo. Ncha za vidole vyangu zilikuwa hazisikii kitu. Ningeweza kugusa sufuria ya moto nisijue. Kwa hiyo nilipofinya hewani sikuwa na njia ya kujua kama vidole vimekutana kweli. Nilikuwa natazama kioo, na kioo kinasema tik. Naamini kwa sababu nimeambiwa. Usiku natazama mkono kitandani, naamuru vidole vifunge, naona kama vimeachana, naambiwa asubuhi vimekutana mara ishirini. Nikaanza kumtazama Bwana Swaleh kwa pembeni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya meza. Unafanya nini huko?

"Anabonyeza kitu," mama alisema tukitoka. "Nimemwona. Anabonyeza ili ufurahi."

Siku moja mwezi wa tisa, jua limeingia dirishani kwa mteremko, niliamua. Niliinua mkono kama kawaida, nikaupeleka kwenye jani, na badala ya kutazama kioo nikautazama mkono wangu mwenyewe. Nikafinya.

Tik.

Na kati ya gumba na kidole niliona mwanga wa dirisha. Mstari mwembamba wa mwanga, kama ule unaoona chini ya mlango. Vidole havikuwa vimekutana. Nikafinya tena. Tik. Mwanga upo.

Nilitabasamu, nikasema asante, nikatoka. Kule nje nilimwambia mama, naye akakaa chini kwenye ngazi ya saruji, gauni lote likiingia vumbi.

"Nilijua," akasema. "Nilijua, nilijua."

Nisikufiche kitu, hiyo ndiyo wiki mbaya kuliko ya kifua. Wakati wa kifua nilikuwa naogopa tu. Hii niliona aibu. Niliona nimefanywa mtoto anayepigiwa makofi. Na jambo la pili likaja juu yake: namba zikaanza kushuka. Kutoka ishirini, kumi na nne. Kutoka kumi na nne, tisa. Nikajiambia, hata kule kudanganya sasa wamechoka. Mahindi ya watu wa Keumbu yalikuwa yamekatwa, yamesimamishwa mashambani kama watu waliofunikwa mashuka. Baba mdogo alisikia tisa, akatoa simu mfukoni.

"Jumapili," akasema. "Sabato ikipita, Jumapili yule mtu atakuwa bomani."

Usiniulize kwa nini sikupinga. Mkono wangu ulikuwa umelala mezani viganja juu, na sikuwa na cha kuonyesha.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya mazoezi. Mama aliingia kabla yangu. Hakusalimu. Mama yangu hakusalimu!

"Wewe Swaleh. Mimi ni mama mjinga wa shamba, lakini macho ninayo. Vidole vya mtoto havigusani na mashine yako inasema vimegusana. Unatudanganya kwa faida ya nani?"

Bwana Swaleh alivua miwani. Nilitegemea akatae. Akasema, "Ni kweli, mama."

Mama alikuwa amejiandaa kwa ugomvi na sasa ugomvi haukuwa na mahali pa kukaa.

"Njooni muone." Aligeuza kompyuta tuielekee. Kulikuwa na mstari chini ya kioo na kidoti juu yake, kama uzito kwenye mizani. "Hapa ndipo ninapoiambia mashine ihesabu vidole vimekutana vikiwa karibu kiasi gani. Wiki ya kwanza nilikiweka huku mwisho. Hata vikiwa mbali upana wa kidole, ilisema tik. Angesikia kimya siku nzima asingerudi, mama. Nimeona wengi hawarudi. Kisha kila baada ya siku chache nasogeza. Kidogo. Nasogeza kwa mkono wa kushoto, hapa chini."

"Kwa hiyo namba zangu..." nilisema.

"Zinashuka kwa sababu natia ugumu. Siku ile ya ishirini, mwanga uliopita kati ya vidole ungepitisha penseli. Tisa za juzi, hata karatasi isingepita. Nilipaswa kuwaambia. Nilihofia ukijua utaacha kuiamini sauti."

"Nilishaacha," nikamwambia.

Aliinamisha kichwa. "Basi nimekosa mara mbili. Samahani, dada. Samahani, mama."

Mama hakuwa amekubali. Alichukua fomu yangu ya miadi pale mezani, akararua kipande cha pembeni, akanijia. "Kompyuta yako izime," akamwambia. Bwana Swaleh akaikunja. Mama aliweka kile kipande cha karatasi kati ya gumba langu na kidole.

"Shika."

"Mama, sisikii kama nimeshika."

"Sijakuuliza kama unasikia. Shika."

Nikavitazama vidole vyangu, nikaviamuru. Vilikwenda polepole, vikitetemeka kama bibi wawili wakishuka mteremko wenye utelezi, vikafika kwenye karatasi, vikakaa. Mama akavuta. Karatasi haikutoka. Akanitazama usoni, akavuta kwa nguvu, kama anang'oa magugu.

Karatasi ikararuka. Nusu mkononi mwake, nusu kati ya vidole vyangu.

Mama aliinua ile nusu yake kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akamgeukia Bwana Swaleh. "Umeona? Amenishinda nguvu. Huyu mtoto hana adabu." Na akaanza kulia, na kamasi, akijifuta na leso iliyokuwa na mkufu wa funguo za nyumba, funguo zikilia.

Jioni hiyo alimwekea baba mdogo zile nusu mbili za karatasi mbele ya ugali.

"Ni nini hii?"

"Vidole vya Kerubo. Mpigie yule mtu asije."

Baba mdogo alizigeuza geuza. "Shemeji, vizuri. Lakini unaona? Mchawi amesikia tumeita mtu, akaogopa, akalegeza. Ndiyo sababu tusimwache."

Hapo ndipo nilipopata mdomo. Nilisema, "Baba mdogo, jina la Magokoro nililitoa mimi. Daktari aliuliza kuhusu tumbo, mama akauliza nilikula wapi. Sikusema amenifanya kitu. Nilikula saga, nikahara, watu huhara. Mkifukua boma la bibi, mtakuwa mmelifukua kwa mdomo wangu."

"Mtoto asiingilie," alisema, lakini hakuwa na nguvu.

Mama alikuwa anafinyanga tonge la ugali mkononi. Hakumtazama. "Kerubo aliona mwanga kati ya vidole, shemeji. Akaniambia, nami nikamwamini. Nikaapa yule kijana wa Kiislamu ni mwongo. Na aliona sawasawa, mwanga ulikuwepo. Lakini maana yake sikuijua. Leo nimemtukana mtu aliyekuwa anarudisha mkono wa mwanangu." Akala. Akameza. "Hakuna mtu atafukua bomani kwa mume wangu. Akija atanifukua mimi kwanza."

Baba mdogo alitoka nje na simu. Hatukusikia alichosema huko. Aliporudi aliomba mboga zaidi.

Sitakudanganya kwamba yaliisha. Maneno yakishatoka yana miguu. Niliporudi nyumbani mvua fupi zikianza, Magokoro alikuwa ameshasikia yote. Nilienda kwake nikishika fimbo. Alikuwa mlangoni anapepeta wimbi. Alinitazama miguu, akanitazama mikono, akanisogezea kigoda.

"Nimekuja kuomba msamaha, Magokoro."

"Umenenepa," akasema.

Tukakaa. Wimbi likawa linaruka kwenye ungo. Nikamwambia kuwa nilitaja jina lake. Akasema anajua. Nikamwambia kuwa nilimshuku hata mimi mwenyewe. Hilo hakuwa analijua. Ungo ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Sitakupikia tena, Kerubo," alisema mwishowe. Hakuwa na hasira, ndiyo maana iliniuma. "Nimezeeka. Ukikohoa kesho watanitazama. Saga ipo shambani, chungu kipo, kuni zipo. Siku ukitaka kula kwangu, utapika mwenyewe."

Mazoezi yaliendelea mpaka Krismasi. Bwana Swaleh alinionyesha kile kidoti, na tangu hapo nilikisogeza mimi mwenyewe, kwa kufinya hewani, nikijitilia ugumu na kuzitazama namba zikianguka bila kuogopa. Siku ya mwisho nilichuna majani thelathini na saba kidoti kikiwa kimefika mwisho wa ugumu wote. Kuhisi kumerudi nusu. Mpaka leo, baridi ikiwa kali, ncha za vidole zinalala. Ukiwa kama mimi, jua kwamba zinaweza kulala na bado zifanye kazi. Na ukiona wanakuficha jambo, uliza siku hiyo hiyo. Mimi nilingoja wiki nzima, na wiki moja ilitosha mtu kupanga kufukua boma la bibi.

Jumamosi iliyopita Magokoro alikuwa kanisani. Mama pia. Nilisema kichwa kinaniuma, Mungu anisamehe. Nilipita kwenye migomba nikaingia jikoni kwa Magokoro nikiwa na gauni langu la nanasi.

Saga ina majani madogo sana. Unayatoa kwenye kijiti moja moja, gumba na kidole, na wanawake wenye vidole vizima hulalamika. Nilichambua tangu walipoanza shule ya Sabato mpaka nikasikia wimbo wa mwisho ukija kutoka ng'ambo ya kilima. Mengine yalidondoka, nikayaokota. Nikawasha moto, nikachemsha, nikamwaga maji ya uchungu, nikatia maziwa niliyoleta.

Kopo lake la chumvi liko kwenye tundu la ukuta. Nikafungua, nikaingiza vidole viwili, nikatoa chumvi. Nikajiona nilivyosimama pale: peke yangu katika jiko la mtu, nimeinama juu ya chungu chake, natia kitu cheupe. Mtu angepita dirishani wakati huo angekuwa na hadithi ya mwaka mzima.

Sikuwa nasikia chumvi vidoleni. Nilivitazama kwenye mwanga wa mlango. Hakuna mwanga uliopita.

Nikaviachanisha juu ya chungu, na kwa kuwa jikoni kwa Magokoro hakuna kompyuta, nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tik.

Kisha nikajipakulia sahani moja, nikakaa kwenye kigoda chake, nikamaliza yote.